Fundi Visima na Chai ya Chumvi

Nakumbuka siku niliyokunywa chai ya chumvi msibani, kule Madimba, na mpaka leo naona haya, ingawa wengi waliokuwepo wameshatangulia na hakuna aliyebaki wa kunicheka. Juzi, mwanangu Salma, ulipokuja hapa Mikindani ukakaa kwenye kile kiti kilichovunjika egemeo, ukaniambia unataka kufunga kibanda chako cha ufundi bomba pale Mtawanya uende Dar es Salaam ukaajiriwe, nilinyamaza. Ukadhani baba yako mkubwa hajali. Nilinyamaza kwa sababu kosa unalolifanya nimewahi kulifanya mimi, na mtu mzima hapendi kuanza kueleza makosa yake kabla hajamaliza uji.

Uji umeisha, sasa nisikilize. Ulisema kazi zimekauka. Wateja wako karibu wote walikuwa wanaletwa na yule mama wa Shangani: yeye alimwambia shoga yake, shoga akamwambia jirani, jirani akakupigia. Kisha mume wa yule mama akahamishwa kikazi, wakafunga virago, na simu yako ikanyamaza. Ukaniuliza umekosea wapi na mkono wako ni mzuri. Ni mzuri kweli. Bomba la jikoni kwangu umelifunga wewe na halijatoa hata tone, na mimi ni mtu wa kutafuta kasoro. Kwa hiyo tusizungumze habari ya mkono wako. Tuzungumze habari ya mdomo wako, na wa kwangu nilipokuwa na umri wako.

Unajua kwamba nilikuwa fundi visima, lakini hujui majivuno niliyokuwa nayo. Tulikuwa wawili, mimi na Athumani, Mmakua ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakalima upande wetu. Mimi nilichimba, yeye alishika kamba. Usidhani kushika kamba ni kazi ndogo. Ukiwa chini shimoni huoni kitu ila duara dogo la mbingu na kichwa cha mwenzako. Ndoo ya mchanga inapanda juu ya kichwa chako, imejaa, na kinachoizuia isikuangukie ni mikono ya mtu mmoja. Jioni anakuvuta na wewe. Nimewahi kumwambia mama yako kwamba Athumani alinijua kwa uzito kuliko alivyonijua kwa sura.

Kisima chetu cha kwanza tulikichimba kwa mwalimu mmoja hapa hapa Mikindani, maji yakatoka matamu. Mwalimu akasema kwa watu, watu wakaja. Tukamaliza cha pili, wenye nacho wakasema kwa wengine. Nami nikakaa barazani nimevaa shati safi, nasubiri kuitwa, nikaamini kwamba fundi anayejua kazi yake hatakiwi kufanya jambo lolote zaidi ya hilo. Kwangu mimi kujitangaza ilikuwa dalili ya njaa.

Sasa kazi ya kisima ina jambo lake ambalo sikulifikiria. Kisima kizuri hakichimbwi mara mbili. Na huku kwetu nani atamnyima jirani maji? Nikichimba kwa mwalimu, mtaa mzima unateka kwa mwalimu. Kila nilipomaliza kisima kimoja nilikuwa nimewamaliza wateja wa nyumba kumi. Sifa zangu hazikupungua hata kidogo. Kina mama wakikutana kisimani walisema Issa ana mkono, maji yake matamu, Mungu amjalie, huku wakijaza ndoo zao na kwenda nyumbani. Nani kati yao angeniita? Walionisifu wote walikuwa na maji tayari, na wasio na maji hawakuwa na habari yangu.

Athumani aliliona mapema. Aliniambia, "Issa, twende vijijini. Twende Madimba, twende kule kwetu mtoni. Tukasalimie tu, watu watujue." Nikamjibu kwamba mimi si muuza maandazi nipite mitaani nanadi, na kwamba wakinihitaji watauliza. Alirudia mara tatu kwa siku tofauti, na mara zote tatu nikamjibu jibu lile la maandazi. Mama yangu, yaani bibi yako, alinilea kwa maandazi, mwanangu. Alipita na beseni kichwani kila asubuhi akiita, na maandazi yake yalijulikana mpaka bandarini kwa sababu alipita. Nilikuwa nimeshiba jasho lake na bado nikaifanya kazi yake kuwa tusi.

Kiangazi cha mwaka wa nne kilitukuta hatuna kazi kabisa, na kiangazi ndio msimu wa fundi visima, maana maji yanakuwa yameshuka na unajua unachokichimba. Athumani akaanza kuwa mkimya. Alikuja asubuhi, akaikagua kamba, akaikunja, akarudi kwake. Mimi nikaona mwenzangu amekuwa mvumilivu. Kumbe alikuwa ameshamuaga mama yake, kwamba mwezi ukiisha atavuka kwenda kwa mjomba wake Msumbiji akalime. Hilo sikulijua.

Ndipo ukatokea msiba Madimba. Wakati huo hakukuwa na mitambo ya gesi wala hayo malori. Palikuwa na mikorosho, minazi na njia ya mchanga inayomaliza matairi ya baiskeli. Marehemu alikuwa mtu wa kwao Athumani, wazee wao walitoka kijiji kimoja ng'ambo ingawa wenyewe hawakuwa wameonana tangu utotoni, naye akaniomba nimsindikize. Tukazika, tukarudi, tukakaa mkekani, tukaletewa chai.

Nikapiga funda moja, nikaona chumvi. Watu wote walikuwa wanakunywa kimya, kwa sababu hakuna anayekosoa chai ya msibani. Mtu mwenye adabu angemeza akashukuru. Mimi nilikuwa fundi, na fundi akikaa bila kazi muda mrefu anatafuta pa kuonyesha ujuzi. Nikamwegemea Athumani nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ndogo, "Kisima chao kimechimbwa kikapitiliza."

Nyuma yangu alikuwa amesimama Bi Somoe na birika mkononi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake na hakikuwa na haraka.

"Umesema nini, baba?"

Nikaona nimeshaumbuka, basi nikajikaza. Nikamweleza kwamba pale kwao maji baridi yamelala juu ya maji chumvi, kwa hiyo mchimbaji anatakiwa kuonja kila anaposhuka na kusimama mapema. Nikamalizia kwamba mimi ningesimama mapema.

"Wewe ndiye nani?"

"Fundi visima, mama."

"Wa wapi?"

"Mikindani."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne."

Akaliweka birika chini, akakaa ukingoni mwa mkeka. Hakupandisha sauti hata kidogo, na ndiyo sababu watu wote walisikia. "Mwaka juzi tulitafuta ntu wa kisima mpaka tukachoka. Tukauliza sokoni, tukauliza msikitini, tukauliza wavuvi. Hakuna anayemjua. Akapita ntu hapa, akasema anaweza, akachimba upesi upesi, akaondoka na tumebaki na chumvi yake. Nkwe wangu yule pale ameteka maji bondeni mpaka mwezi wa kujifungua, anapanda kile kilima na ndoo na tumbo. Na wewe upo. Umekaa Mikindani na hiyo mikono." Akanitazama. "Mimi nimeona ntu anajificha kwa kuiba. Nimeona ntu anajificha kwa kuua. Anayejificha kwa kujua kazi ndio namwona leo."

Nilitaka ardhi ifunguke, na kwa ufundi wangu ningeweza hata kuifungua mwenyewe. Nikamtazama Athumani. Neno moja tu lingemtosha: nilimwambia, mama, mara tatu, akakataa. Hakulisema. Aliinamia kikombe chake cha chai ya chumvi akanywa mpaka chini.

Tulilala kule mpaka hitima ya siku ya tatu. Watu walikuja kutoka vijiji vingi. Baada ya dua msemaji wa familia akashukuru, akatangaza siku ya arobaini, kisha akasema dada wa marehemu ameomba yule kijana wa Mikindani asimame. Nikasimama. Nikasema naitwa Issa na ni fundi mzuri sana wa visima. Mzee mmoja pembeni akasema hajawahi kukutana na fundi anayejiita mbaya, na watu wakacheka, msibani. Nikataka kukaa. Sauti ya Bi Somoe ikatoka upande wa wanawake: "Tuambie habari ya maji, baba. Habari yako tutaiona wenyewe."

Sijui nilipata wapi akili. Nikaanza kuwaambia habari ya maji. Nikasema kisima chenye chumvi si lazima kiachwe. Kuna wakati kinafukiwa sehemu ya chini, na kuna wakati unachimba kingine juu kidogo na kina kifupi. Nikasema nachimba kiangazi kikiwa kikali ili maji ya masika yasije yakamdanganya mwenye nyumba. Nikasema sichimbi karibu na choo hata nikibembelezwa. Nikasema mwamba mgumu siuwezi, na nikikutana nao nitamwambia mwenye kazi siku hiyo hiyo. Hapo pa mwamba ndipo nilipoona vichwa vinainuka. Aliyesema siliwezi hili, watu wakamwamini kwenye yale aliyosema anayaweza.

Watu kutoka vijiji vinne walinifuata kabla hatujaondoka. Wakauliza wakinitaka wanipate wapi. Nikasema waje Mikindani waulizie. Bi Somoe akauliza, "Waulizie kwa nani?" Miaka minne ya ufundi, na sikuwa na mahali ambapo mtu asiyenijua angeweza kuanzia. Tukakubaliana na fundi baiskeli mmoja wa karibu na soko la Mtwara mjini, ambaye kila anayetoka vijijini lazima apite kwake kujaza upepo, awe ndiye wa kupokea salamu zangu.

Njiani kurudi nilimuuliza Athumani kwa nini hakunisema mbele ya Bi Somoe. Alikuwa anasukuma baiskeli kwenye mchanga, akaendelea kusukuma. Akasema, "Ukiwa shimoni mimi ndiye nakushika. Sasa nikuachie tukiwa juu, kwa sababu gani?" Kisha ndipo akaniambia habari ya kuvuka, kwamba zilikuwa zimebaki siku tisa. Nililia, mwanangu. Nilijifanya mchanga umeniingia machoni na yeye akajifanya ameamini. Nikamwomba asiondoke. Akasema tuchimbe kwanza kisima cha Bi Somoe, halafu ataona.

Tukachimba. Kila baada ya kina cha mkono mmoja nilionja, na nilipofika pale panapostahili nikasimama, ingawa mkono ulitaka kuendelea. Bi Somoe akapika chai ya maji yale, akaionja mwenyewe, akanimiminia kikombe cha pili kabla sijamaliza cha kwanza. Tulipoweka saruji ukingoni, ikiwa bado mbichi, alinitaka niandike mimi ni nani na nakaa wapi, ili atakayekuja kuteka asipate tabu aliyoipata yeye. Nikaandika Issa, fundi visima, Mikindani. Yeye hakujua kusoma, akataka nimsomee. Nikamsomea. Akamnyooshea kidole Athumani aliyekuwa anakunja kamba, akauliza, "Na huyu?" Nikachukua mwiko, nikafuta, nikaandika upya, na jina la Athumani likatangulia.

Athumani hakuvuka. Alinishikia kamba miaka ishirini na sita, tukachimba mpaka vijiji vya kando ya mto, na alipofariki sikushuka tena kisimani. Watu walidhani ni mgongo. Mgongo ulikuwepo, lakini haukuwa sababu.

Sasa nije kwako. Uliniambia kwamba unajitangaza, unaweka picha za matangi kwenye simu, kwenye hiyo status, na nikakuuliza anayeiona ni nani. Ukasema wenye namba yako. Hao ni wale kina mama wa kisimani kwangu, mwanangu. Wanakuombea dua na kuendelea na safari zao. Sikatai simu, mimi mwenyewe nimeshaizoea kidogo, ila iulize kila siku imekufikisha kwa mgeni gani. Ingia kwenye yale makundi ya watu wanaojenga, usimame penye watu wasiokujua.

Na ukisimama, usianze na habari ya uzuri wako. Mwambie mtu habari ya tangi linalopasuka kwa sababu limewekwa kwenye kichanja kibovu. Mweleze kwa nini pampu inaungua kisima kikipungua maji, na aangalie nini kabla hajamlipa fundi yeyote, hata kama fundi huyo si wewe. Mwambie na usichokiweza. Kisha nenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kaa hapo asubuhi moja, kwa sababu anayenunua bomba leo anahitaji fundi leo. Zungumza na waashi. Nyumba inaanza mikononi mwao kabla ya kufika kwako. Nenda vijijini kabla korosho hazijauzwa, ili fedha ikiingia nyumbani jina lako liwe limeshatajwa. Na kila tangi unalolifunga liandike kwa rangi isiyofutika, jina na namba, mahali ambapo mteka maji ataliona. Yule mama wa Shangani mpigie simu umshukuru, maana amekutendea wema mkubwa, lakini usimtwike riziki yako yote. Hakuiomba.

Kuna jambo moja nimeliweka mwisho kwa sababu linaniuma. Mwaka jana alikuja hapa kijana mmoja wa Madimba. Alisema amesoma majina kwenye ukingo wa kisima cha Bi Somoe, akaulizia mpaka akanifikia. Anataka pampu kisimani kwa mama yake, bibi huyo hawezi tena kuvuta ndoo. Akaniuliza kama namjua fundi wa pampu za visimani. Nikamwambia hapa kwetu simjui, labda atafute Dar es Salaam. Mimi, baba yako mkubwa. Nilidhani wewe unafunga mabomba ya jikoni tu. Habari kwamba unafunga na pampu nimeisikia juzi ulipokuwa umeshakata tamaa. Nimekaa nikimfikiria yule bibi akivuta ndoo yake mwaka mzima, na fundi wake yuko Mtawanya anafikiria kufunga kibanda. Sikulaumu peke yako. Ungeniambia, na mimi ningekuuliza.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na wenzako wenye ufundi wowote waisikie: kazi yako nzuri inajulikana na wale iliowafikia tu, na kuna mtu mahali fulani anakunywa chumvi kwa sababu hakujui. Kumwendea si kujishusha. Jitaje, useme unachokiweza na unapopatikana, halafu umwache achague.

Mwenyezi Mungu akubariki mikono na akufungulie ulimi. Akupe wateja usiowajua na mwenzio wa kazi atakayekutunzia aibu yako kama nilivyotunziwa yangu. Usikate tiketi ya basi bado. Jumamosi kuna maulidi Madimba na yule kijana nimeshampigia. Amesema baada ya maulidi watakupa nafasi useme maneno mawili. Tutakwenda pamoja. Nitakaa mbele, mahali utakaponiona, na sauti ikikukwama nitazame mimi. Kamba nitakushikia.